Sura ya Tano: Haidrojeni Iliyosubiriwa Whitby

Whitby ninayoizungumzia hapa si ule mji wa pwani ya Yorkshire unaojulikana na watalii. Ni mtaa wa watu wa kipato cha kawaida katika Ellesmere Port, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, si mbali na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Stanlow. Mwaka 2022 wakazi wake walianza kupata habari kwamba nyumba zao, zipatazo 2,000, zimependekezwa ziwe miongoni mwa nyumba za kwanza nchini kupashwa joto kwa haidrojeni tupu. Jiko na boila vingebadilishwa bila malipo. Mabomba ya mtaani yangeendelea kutumika. Lakini gesi asilia waliyoizoea tangu utotoni ingekatwa, na asiyetaka haidrojeni angepewa vifaa vya umeme. Kubaki kama alivyo hakukuwa miongoni mwa mambo ya kuchagua.

Mradi ulikuwa wa Cadent, kampuni inayomiliki mabomba ya gesi ya eneo hilo, ikishirikiana na British Gas. Nyuma yao ilisimama sera ya serikali. Hata hivyo, swali lililotawala mikutano ya wakazi halikuwa la kemia. Watu walitaka kujua ni lini waliulizwa kama wanautaka mradi wenyewe.

Nimeichagua habari ya Whitby kwa sababu inaonyesha jambo ambalo nyaraka za serikali hulificha. Kwa takriban miaka 10 Uingereza iliweka akiba ya tumaini kwenye haidrojeni, na tumaini hilo likawa sababu ya kutofanya jambo lingine. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba kuahirisha uamuzi nako ni uamuzi, una gharama zake, na kuna watu mahsusi wanaonufaika nao.

Msomaji wa Tanga au Mombasa, ambaye nyumbani kwake kazi ni kulifukuza joto, huenda asione mara moja uzito wa suala hili. Uingereza, kuanzia Oktoba hadi Aprili, nyumba isiyopashwa joto huleta maradhi, na wazee hufa kwa baridi ndani ya vyumba vyao. Katika nyumba nyingi kuna boila, kisanduku cheupe kilichotundikwa ukutani, mara nyingi jikoni. Inachoma gesi, inachemsha maji, na maji hayo yanazungushwa kwa mabomba membamba hadi kwenye vyuma bapa vilivyofungwa chini ya madirisha. Chuma kinapata moto, chumba kinapata uvuguvugu. Nyumba zinazotegemea utaratibu huu ni kama asilimia 85 ya zote, yaani milioni 23 hivi. Majengo kwa jumla hutoa karibu sehemu moja kati ya tano ya gesi joto za nchi hiyo. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, na Juni 2019, Theresa May akiwa waziri mkuu, lengo likakazwa: ifikapo 2050 nchi isiongeze tena gesi joto angani. Lengo hilo haliwezi kutimia huku boila milioni 23 zikiendelea kuchoma gesi kutoka ardhini.

Hapo ndipo haidrojeni ilipoingia. Ukiichoma haitoi hewa ukaa, hutoa mvuke wa maji. Na Waingereza walikuwa na kumbukumbu iliyowafanya waamini kwamba kubadilisha gesi ya nchi nzima kunawezekana.

Kumbukumbu hiyo inastahili kusimuliwa kwa kirefu, maana wanasiasa waliirudia mara nyingi. Mtaa wa Pall Mall mjini London uliwashwa taa za gesi mwaka 1807, na mwaka 1812 kampuni ya kwanza ya gesi ikapewa hati ya kifalme ya kuuza gesi jijini. Ilikuwa gesi ya makaa ya mawe. Makaa yalipikwa katika matanuru yasiyoingiza hewa, na mvuke wake ukasafishwa na kusambazwa. Karibu nusu ya ujazo wake ilikuwa haidrojeni. Ndani yake kulikuwa pia na kaboni monoksaidi, sumu iliyowaua watu wengi bomba lilipoachwa wazi. Kwa zaidi ya karne moja na nusu, basi, Waingereza walipikia na kuota moto wa gesi iliyojaa haidrojeni.

Mwaka 1959 meli iitwayo Methane Pioneer ilitia nanga Canvey Island ikiwa na gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, kutoka Louisiana, Marekani. Mwaka 1965 gesi ikagunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini. Serikali ikaamua kuiacha gesi ya makaa. Kati ya 1967 na 1977 mafundi walipita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakibadilisha vichomeo vya majiko na hita za wateja wapatao milioni 13. Vifaa vilivyoguswa vilifikia milioni 40 hivi. Ilikuwa kazi kubwa, na ilifanikiwa.

Lakini mfano huu ulibeba tofauti moja iliyosahaulika majukwaani. Gesi asilia ya mwaka 1967 ilikuwa bora kwa mnunuzi: bei nafuu, nguvu maradufu kwa ujazo ule ule, haina ile sumu ya kaboni monoksaidi, na ilikwishapatikana ikisubiri kuvutwa. Haidrojeni ya leo haichimbwi kwa namna hiyo. Lazima itengenezwe, na kuitengeneza kunakula nishati nyingine.

Julai 2016 kampuni ya Northern Gas Networks ilitoa ripoti ya mradi wa H21, iliyopendekeza jiji la Leeds lote ligeuzwe litumie haidrojeni. Haidrojeni hiyo ingetengenezwa Teesside kwa kuichanganya gesi asilia na mvuke katika joto kali, hewa ukaa ikanaswa na kuzikwa chini ya bahari, na ziada ya kiangazi ikahifadhiwa katika mapango ya chumvi ardhini hadi baridi irudi. Gharama ilikadiriwa kuwa kama pauni bilioni 2. Ilikuwa ripoti ya wahandisi makini, na ilikuwa na hoja ya kweli ambayo wapinzani wengi wa haidrojeni huipita haraka. Nitaieleza kwa haki yake.

Hoja ni ya siku ile ya baridi kuliko zote. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018 upepo wa barafu kutoka mashariki uliikumba Uingereza. Katika saa ya kilele, gesi iliyokuwa ikipita kwenye mabomba ya mitaa ilibeba nishati ya zaidi ya gigawati 200. Umeme wa nchi nzima wakati wa kilele ulikuwa kama gigawati 50. Ukisema nyumba zote ziache gesi zihamie umeme, huyo mhandisi wa gridi anayetakiwa kubeba mzigo huo ana haki ya kukuuliza utatoka wapi. Tena mabomba ya chuma yalikuwa tayari yanabadilishwa kuwa ya plastiki, chini ya mpango wa usalama ulioanza 2002 na kupangwa kumalizika 2032, na plastiki inaipitisha haidrojeni bila tabu. Kwa nini basi utupe mali uliyokwisha kuilipia?

Jibu limo katika hesabu rahisi, na ningependa kila msomaji anayenunua umeme kwa uniti aifanye mwenyewe. Chukua uniti 100 za umeme wa upepo. Zipitishe kwenye mtambo wa kuyapasua maji, utapata haidrojeni yenye nishati ya uniti 70 hivi. Kuigandamiza, kuihifadhi na kuisafirisha kunapunguza tena, na boila nayo haichomi bila kupoteza. Joto linalofika chumbani ni la uniti 60 au pungufu. Sasa chukua uniti zile zile 100 uziingize kwenye pampu ya joto. Pampu hii ni kama friji iliyogeuzwa: hailitengenezi joto, inalivuta kutoka hewa ya nje, hata hewa ya baridi, na kuliingiza ndani. Utapata joto la uniti karibu 300. Umeme ni ule ule, ila njia moja inatoa mara tano ya nyingine. Ndiyo maana ule mzigo wa gigawati 200 unapungua sana ukibebwa na pampu za joto, na ndiyo maana kuupasha moto mji kwa haidrojeni ya upepo kungehitaji mitambo ya upepo mara tano zaidi baharini.

Watetezi walijibu kwamba haidrojeni itatoka kwenye gesi asilia, si kwenye upepo. Hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita ya buluu, kuitofautisha na ya kijani itokanayo na maji na umeme safi, na ya kijivu ambayo hewa ukaa yake huachwa iende angani. Ya buluu ina shida zake. Inahitaji gesi asilia nyingi kuliko ile ambayo ungeichoma moja kwa moja, kwa kuwa sehemu ya nishati inapotea njiani. Kunasa hewa ukaa hakukamiliki asilimia 100. Gesi huvuja visimani na njiani. Agosti 2021 Robert Howarth na Mark Jacobson wa Marekani walichapisha utafiti uliodai kwamba, kwa kuzingatia uvujaji huo, haidrojeni ya buluu inaweza kuharibu tabianchi kuliko kuchoma gesi yenyewe kwa ajili ya joto. Wanasayansi wengine walizipinga takwimu zao za uvujaji, na ubishi huo ulikuwa wa haki. Mwezi huo huo serikali ya Uingereza ilitoa mkakati wake wa haidrojeni ulioipa ya buluu nafasi kubwa, na Chris Jackson, mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara wa haidrojeni nchini humo, akajiuzulu akisema dhamiri yake haimruhusu kuitetea. Miezi sita baadaye Urusi iliivamia Ukraine, bei ya gesi ikapaa, na haidrojeni inayotegemea gesi asilia ikapoteza hoja ya unafuu vilevile.

Narudi nyuma kidogo kwenye siasa. Novemba 2020 Boris Johnson alitangaza mpango wake wa hoja 10 wa mapinduzi ya kijani. Katika hoja ya haidrojeni kulikuwa na ngazi tatu: kitongoji kitakachotumia haidrojeni ifikapo 2023, kijiji ifikapo 2025, na mji mzima kabla ya muongo kumalizika. Katika hoja nyingine ya mpango huo huo aliahidi pampu za joto 600,000 kila mwaka ifikapo 2028. Ahadi mbili zinazoshindania nyumba zile zile, katika hati moja. Oktoba 2021 ukafuata mkakati wa joto na majengo, uliosema kwamba uamuzi wa kama haidrojeni itapasha nyumba joto utatolewa mwaka 2026, baada ya majaribio.

Nataka msomaji aitazame tarehe hiyo. Mwenye nyumba ambaye boila yake imekufa mwaka 2022, watoto wanatetemeka, anampigia fundi simu. Pampu ya joto, hata baada ya ruzuku ya pauni 5,000 iliyoanza mwaka huo, ilimgharimu zaidi ya boila mpya, na umeme ulikuwa karibu mara nne ya bei ya gesi kwa uniti. Fundi mwenyewe amefunzwa gesi, amefunga gesi miaka yote. Kisha anasikia kwamba serikali bado haijaamua, na kwamba huenda gesi safi ikaja kwa bomba hili hili. Worcester Bosch, Baxi, Vaillant na Ideal, watengenezaji wakubwa wanne, walikwisha kuahidi mwaka 2021 kwamba boila zinazoweza kugeuzwa kutumia haidrojeni zitauzwa bei sawa na za kawaida. Mtu huyo angefanya nini? Angefunga boila nyingine. Simlaumu hata kidogo. Mwaka 2023 kamati ya Baraza la Malords iliyochunguza ruzuku ya pampu za joto ilisema jambo hilo hilo kwa lugha ya kiserikali: kauli zinazogongana kuhusu haidrojeni zilikuwa zinawafanya watu wasite.

Wenye faida katika kusita huko wanajulikana. Mabomba ya mitaa ya Uingereza yamo mikononi mwa kampuni nne, na mapato yao husimamiwa na Ofgem, mamlaka inayofanya kazi kama ya EWURA Tanzania au EPRA Kenya. Nyumba zikihamia umeme, mabomba hayo yanabaki chuma na plastiki isiyo na kazi ardhini. Ni mali ya mabilioni. Sishangai kwamba kampuni hizo ndizo zilizoandika ripoti, zilizoomba majaribio na zilizoweka watu wa kuwashawishi wabunge. Vyama vya wafanyakazi, hasa GMB chenye wanachama wengi wa gesi, navyo vilisimama upande wa haidrojeni, na kwao naona sababu ya heshima zaidi: mtu anatetea ajira ya fundi mwenye familia. Kosa ni la serikali, iliyowaachia wenye mabomba kazi ya kuuliza swali na ya kulijibu.

Majaribio yenyewe yalianza vizuri, kwa hatua ndogo. Katika Chuo Kikuu cha Keele, haidrojeni ilichanganywa na gesi asilia hadi asilimia 20 ya ujazo, kisha kuanzia Agosti 2021 ikafanyika hivyo Winlaton, karibu na Gateshead, kwa nyumba 668, shule na kanisa. Hakuna aliyebadilisha jiko. Watu waliendelea kupika na kuota moto bila kuona tofauti. Hilo lilitangazwa kwa shangwe, ila wachache walitaja kwamba haidrojeni kwa ujazo ule ule hubeba theluthi moja tu ya nishati ya gesi asilia. Asilimia 20 ya ujazo ni asilimia 7 hivi ya nishati, na hewa ukaa inayopungua ni ya kiasi hicho hicho. Na huwezi kupanda kutoka 20 hadi 100 kidogo kidogo, maana juu ya hapo vichomeo vyote vinatakiwa kubadilishwa.

Ndiyo sababu kijiji cha haidrojeni tupu kilihitajika, na ndipo tunaporudi Whitby.

Hebu tuingie jikoni mwa nyumba mojawapo. Haidrojeni huwaka ikiwa ndani ya hewa kwa kiasi cha kuanzia asilimia 4 hadi 75, wakati gesi asilia huwaka kati ya 5 na 15 tu. Cheche ndogo mno inatosha kuiwasha, na mwali wake hauonekani kirahisi mchana. Tathmini ya usalama iliyofanywa kwa ajili ya serikali mwaka 2021 ilikadiria kwamba, bila tahadhari za ziada, milipuko majumbani ingeongezeka kufikia takriban mara nne ya ile ya gesi asilia. Tathmini hiyo hiyo ikasema hatari inaweza kushushwa hadi kiwango cha kawaida. Ikapendekeza vali mbili zitakazokata gesi zenyewe ikipita kwa kasi isiyo ya kawaida, na katika vyumba vyenye mabomba na vifaa vya gesi, tundu la hewa lisilozibika ukutani, lenye nafasi ya kama sentimita 10 kwa 10. Mwenye nyumba aliyehangaika kuziba kila upenyo ili bili ishuke akawa anaambiwa atoboe ukuta. Naamini wahandisi waliosema inaweza kufanywa salama. Ila mama wa nyumba aliyeuliza kwa nini atobolewe ukuta kwa jaribio la miaka miwili alikuwa na swali halali, na kipeperushi cha rangi hakikulijibu.

Kulikuwa na mengine. Miaka miwili ikiisha, itakuwaje? Nyumba itauzika? Kampuni iliahidi kwamba haidrojeni haitauzwa zaidi ya bei ya gesi asilia, lakini ahadi ilikuwa ya muda wa jaribio. Wakati huo huo muswada wa nishati uliokuwa bungeni ulizipa kampuni za gesi mamlaka mapana zaidi ya kuingia majumbani kufanya kazi, kukagua na kukata gesi katika eneo la jaribio. Watu wa Whitby waliposoma hayo, wasiwasi ukageuka hasira. Wakajipanga. Wakaita wataalamu wao, miongoni mwao Michael Liebreich, mchambuzi wa nishati aliyeziorodhesha kazi za haidrojeni kwenye ngazi yake maarufu, akiuweka upashaji joto wa nyumba karibu na chini kabisa. Watu ambao kabla ya hapo hawakuwa wamewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara wakawa wanajadili ufanisi wa boila na wakurugenzi.

Julai 2023 serikali ikaiondoa Whitby kwa sababu haikuwa na uungaji mkono wa kutosha wa wakazi. Naliona hilo kuwa tukio muhimu kuliko ripoti yoyote ya kitaalamu katika historia hii. Kijiji hakikuwa na fedha wala wanasheria wakubwa, na kilikuwa sahihi kuhusu fizikia mapema kuliko wizara.

Ikabaki Redcar, eneo jingine lililopendekezwa kwa jaribio, mji wa pwani ya kaskazini-mashariki uliopoteza kiwanda chake cha chuma mwaka 2015. Hapo viongozi wengi wa eneo walitaka mradi, na mtu aliyeona tanuru la mji wake likizimwa hawezi kudharauliwa akitafuta kazi mpya. Tarehe 14 Desemba 2023 serikali ikaufuta nao, ikisema chanzo kikuu cha haidrojeni kilichopangwa hakitapatikana. Hebu fikiria maana yake. Baada ya miaka mitatu ya mikutano, wataalamu na vipeperushi, gesi yenyewe haikuwapo. Siku hiyo hiyo serikali ilitangaza kwamba inakubali kimsingi kuchanganya hadi asilimia 20 ya haidrojeni katika mabomba, jambo lililowapa wenye mabomba kitu cha kushikilia. Mei 2024 mpango wa mji wa haidrojeni ukawekwa kando. Mradi pekee uliobaki hai ni wa Fife, Uskoti, ambako kampuni ya SGN ilikusudia kuunganisha nyumba 300 huko Buckhaven na Methil kwa haidrojeni itokanayo na mtambo wa upepo wa pwani. Huko mkazi anajiunga kwa hiari na bomba jipya limelazwa kando ya la zamani, mtindo ambao Whitby wangeuthamini. Nao ulichelewa kwa miaka.

Ushahidi wa kisayansi haukuwa umefichwa muda wote huo. Mwaka 2022 Jan Rosenow alikusanya tafiti huru 32 kuhusu kupasha nyumba joto kwa haidrojeni, na hakuna hata moja iliyoiona kuwa njia kuu iliyo nafuu. Alipoirudia kazi hiyo baadaye tafiti zilikuwa 54, na mwelekeo ulikuwa ule ule. Desemba 2022 kamati ya sayansi ya Bunge ilisema haidrojeni itakuwa na nafasi finyu. Oktoba 2023 Tume ya Taifa ya Miundombinu, chini ya Sir John Armitt, iliishauri serikali isiunge mkono kabisa upashaji joto wa nyumba kwa haidrojeni. Februari 2025 Kamati ya Mabadiliko ya Tabianchi, chombo cha kisheria kinachoishauri serikali, ikaweka ushauri wake wa bajeti ya saba ya kaboni: haidrojeni haina nafasi katika kupasha nyumba joto, na ifikapo 2040 karibu nusu ya nyumba ziwe na pampu za joto, kutoka asilimia 1 hivi mwaka 2023.

Uingereza haikuwa peke yake. Ujerumani iligombana vikali mwaka 2023 juu ya sheria ya joto majumbani, na boila zinazoweza kutumia haidrojeni zikaachiwa mlango ndani ya sheria hiyo ili serikali ya muungano isivunjike. Hadithi inafanana mno na ya London hata haina haja ya kurudiwa.

Haidrojeni yenyewe sina ugomvi nayo, na ningesikitika msomaji akiondoka na dhana hiyo. Mwaka 2022 dunia ilitumia takriban tani milioni 95, karibu zote za kijivu, katika kusafisha mafuta na kutengeneza mbolea. Chini ya asilimia 1 hutengenezwa kwa njia safi. Hapo ndipo kazi ilipo. Kenya ilipozindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Afrika wa tabianchi Nairobi, iliweka mbolea mbele, na kwa nchi yenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na wakulima wanaotegemea mbolea inayoletwa kwa meli, huo ni mpangilio wenye akili. Oman nayo iliunda kampuni ya Hydrom mwaka 2022 ikilenga tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030, hasa kwa soko la nje. Ninawaomba wapanga sera wa kwetu wawaulize wanunuzi wa Ulaya swali moja kabla ya kutia saini: haidrojeni hii mnaitaka kwa kazi gani? Anayeitaka kwa mbolea na chuma atakuwepo baada ya miaka 20. Aliyeihesabu kwa boila za nyumbani tayari ameanza kuondoka.

Hukumu yangu juu ya sera ya Uingereza ni kali kwa sababu gharama yake haikuwaangukia walioitunga. Kujaribu hakukuwa kosa, maana Winlaton na ile tathmini ya usalama zilileta maarifa ya kweli. Kosa lilikuwa kuufungia mlango uamuzi hadi 2026 wakati hesabu ya nishati ilikuwa mezani tangu mwanzo, na kuwaacha mafundi, wamiliki na wapangaji wakisubiri gesi ambayo haikuwa na chanzo. Mwaka 2023 pampu za joto zilizofungwa zilikuwa kama 60,000, sehemu moja ya kumi ya ahadi ya 2028. Boila mpya za gesi zilikuwa takriban milioni 1.5. Boila hudumu miaka 10 hadi 15, kwa hiyo nyingi kati ya hizo bado zitakuwa zinachoma gesi mwaka 2035.